Mzee Atembee Wapi Kampala?

SWALI: Baba yetu ni askari mstaafu, ana miaka 76. Mama alipofariki tulimhamisha kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akaja kukaa nasi Kisaasi, hapa Kampala. Kule alikuwa akitoka kila asubuhi, anazunguka, kisha anakaa chini ya mwembe na wenzake mpaka jua likolee. Hapa anashinda sebuleni na redio yake. Ijumaa tu ndiyo anatoka kwenda kuswali, tena kwa gari. Magoti yameanza kukaza. Luganda hakijui vizuri. Kiswahili ndicho chake. Tulimpeleka bustani moja mjini, tukalipa kiingilio, tukakuta muziki wa kupasua masikio na viti vya plastiki vya wanaokunywa. Akaomba tumrudishe nyumbani. Je, kuna bustani ya umma inayomfaa mzee? Na hili ni jambo la haki tunaloweza kudai, au ni kuomba hisani tu? (Binti yake, Kisaasi)

JIBU: Dada, poleni kwa msiba wa mama. Mzee naye mpe pole, kwa sababu amefiwa na mke na akahamishwa mji karibu kwa wakati mmoja, na sehemu ya huo ukimya wa sebuleni inatokana na hayo. Bustani peke yake haitautibu.

Sasa swali lako. Bustani ya umma yenye njia bapa, mabenchi, choo na kivuli, ambayo mzee wa miaka 76 anaifikia kwa miguu kutoka Kisaasi bila kulipa, haipo. Mahali pa yeye kutembea na kukaa, hata hivyo, papo, na huenda pako karibu zaidi ya mnapopatafuta. Kazi yangu ni mipango ya miji, na familia nyingi zinazoniuliza swali hili huanza kwa kuitafuta bustani. Ningewashauri muanze na mita mia tatu za kwanza kutoka geti lenu.

Hiyo mita 300 sikuitunga. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2017, ilipendekeza kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani la umma, lenye ukubwa wa angalau nusu hekta hadi hekta moja, ndani ya mita 300 kutoka anapoishi. Yaani mwendo wa kama dakika tano. Waliliandikia bara lao, lakini goti la mzee ni lile lile. Bustani inayomtaka apande teksi, ashuke, avuke barabara, kisha amalizie kwa boda, hiyo ni matembezi ya sikukuu. Hesabu na nauli: kwenda na kurudi, mara mbili kwa sababu hamtamwacha aende peke yake, na kiingilio juu. Ruzuku ya Wazee ya serikali, ile ya mpango wa SAGE, imekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na katika sehemu kubwa ya nchi imekuwa ikimfikia aliyetimiza miaka 80. Safari chache tu za bustani zinaimaliza.

Kwa nini Kampala iko hivi? Tazama umbo lake. Ni mji wa vilima na mabonde. Vileleni wamekaa wenye dini na wafalme: Namirembe, Rubaga, Kibuli, Mengo, Old Kampala, Kikaaya. Mabondeni kuna maji na matope, Lubigi, Nakivubo, Kinawataka, na kijani kingi kilichobaki mjini kimo humo, ila ni mafunjo ya kinamasi, si mahali pa mtu kutembea na mkongojo. Sisi wengine tunaishi kwenye miteremko katikati. Mzee akitoka nje ana njia mbili tu, kupanda au kushuka, na zote mbili magoti yanazichukia. Ardhi bapa, kavu na yenye nyasi ni adimu, na ile nzuri kuliko zote, bonde la Kitante kati ya Nakasero na Kololo, tangu enzi za mkoloni ni uwanja wa gofu.

Hizo bustani za umma tulizorithi katikati ya mji nazo zimetupunguka moja baada ya nyingine. Iliyoitwa Jubilee Park leo imo ndani ya uzio wa hoteli ya Sheraton. Centenary Park, kando ya Jinja Road, ilikodishwa kwa mwekezaji ikajaa mikahawa na baa, na mzozo wake na mamlaka ya jiji ukaburutana miaka mingi. Constitution Square, mbele ya Mahakama Kuu, ilikuwa mahali pa mtu yeyote kukaa na gazeti lake mpaka maandamano ya 2011 ya kutembea kwenda kazini, yale ya kupinga ughali wa maisha. Baada ya hapo ikawa inalindwa na polisi. Kwa hiyo mzee alipoona viti vya plastiki na spika akasema arudishwe nyumbani, hakuwa na ukaidi. Alikiona ambacho wengi wetu tumeshakizoea, kwamba bustani zetu za mjini zimetengenezewa mwenye kununua.

Kwa nyinyi mlioko Kisaasi kuna bahati moja. Hekalu la Wabahai liko kilima cha Kikaaya, upande wenu wa mji. Lilifunguliwa mwaka 1961, na uwanja wake ni mpana, nyasi zimekatwa, miti ni mikubwa, hakuna muziki, na mtu wa dini yoyote huruhusiwa kuingia bila kulipa. Kama mna gari, mpelekeni huko siku ambayo si ya haraka, mfike naye karibu na juu, msimwachie kilima akipande kwa miguu. Mchukue kiti cha kukunja na chupa ya maji. Mara moja kwa wiki mbili inatosha kumpa kitu cha kungojea. Bustani ya Mimea ya Entebbe ni nzuri zaidi kwa macho: ilianzishwa 1898, iko ukingoni mwa ziwa, miti yake mingine ina umri mkubwa kuliko serikali zetu zote. Lakini Entebbe ni mwendo wa kilomita karibu arobaini na kuna kiingilio, kwa hiyo iwekeni kwa siku ambayo wajukuu nao wanakwenda.

Nje ya hapo, acheni neno bustani. Tafuteni uwanja. Uwanja wa shule mchana wa Jumamosi, uwanja wa kanisa siku za katikati ya wiki, uwanja wa msikiti baada ya alasiri, kiwanja cha zahanati, hata maegesho ya magari yenye mti mmoja mzuri. Katika kila mtaa wa Kampala ardhi iliyo bapa na yenye uzio ni ya taasisi, na taasisi hizi nyingi hazina ubaya na mzee. Shida huwa getini. Askari akimwona mtu mzima peke yake, hana gari, hana mfuko, atamuuliza, "Unakuja kwa nani?" Mtu aliyevaa sare maisha yake yote hatalijibu swali hilo mara mbili, atageuka arudi nyumbani na hatawaambia sababu. Basi nendeni nyinyi kwanza. Ongeeni na mwalimu mkuu, au paroko, au imamu, mueleze kwamba mzee wenu angependa kutembea humo saa moja asubuhi, siku fulani na fulani, kisha mumtambulishe kwa askari kwa jina. Dakika kumi za adabu hapo zinafanya kazi ambayo barua haifanyi.

Katika hizo zote mimi ningeanza na msikiti. Umeniambia anatoka Ijumaa kuswali, na umeniambia Kiswahili ndicho chake. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja kuliko unavyodhani. Kule Arua mzee hakuwa anakwenda kwenye mwembe. Alikuwa anakwenda kwa wenzake, na mwembe ulikuwa unawapa kivuli. Kampala wazee wanaozungumza Kiswahili wapo: wastaafu wa jeshi na polisi, Wanubi, watu wa reli ya zamani, watu wa Busia na Malaba waliohamia kwa watoto wao kama yeye. Utawakuta zaidi kwenye uwanja wa msikiti baada ya swala kuliko kwenye bustani yoyote. Ijumaa ijayo msimchukue na gari mara tu swala inapokwisha. Mwacheni saa nzima. Muulizeni imamu kama kuna askari mstaafu mwingine, mumkalishe karibu naye. Kama mmoja wao anaishi karibu nanyi, mmepata wa kutembea naye, na wazee wawili barabarani wanaheshimiwa na bodaboda kuliko mmoja.

Njia yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote.

Kabla hajatoka peke yake, itembeeni nyinyi, taratibu, kwa mwendo wake. Mkiwa kwenye gari hamwoni chochote. Tembeeni asubuhi, mkitazama chini. Wapi mtaro hauna mfuniko? Wapi mfuniko ulikuwepo, ukaibwa, likabaki shimo? Wapi bodaboda wanapanda kwenye njia ya miguu foleni ikizidi? Wapi marramu, ule udongo mwekundu wa barabara, inageuka utelezi mvua ikinyesha, maana kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, njia aliyoipita jana huenda leo haipitiki? Wapi kuna mbwa? Na wapi anaweza kukaa? Kama hakuna benchi, kuna duka ambalo mwenyewe atakubali kumwekea kigoda? Hili la mwisho linashinda mengine yote. Mzee akijua kwamba kila baada ya mita hamsini hivi kuna mahali pa kukaa, anakwenda mbali maradufu. Akijua hakuna, anageukia getini. Nimeona familia zinanunua viatu vya bei kubwa wakati kilichokosekana kilikuwa vigoda viwili na salamu kwa mama wa duka.

Barabara kubwa msimvushe bila mtu. Alama ya pundamilia ya kuvukia barabara Kampala ni rangi tu kwenye lami. Dereva hasimami, na mzee aliyezoea nidhamu ya kambini ataiamini. Pale palipo na daraja la watembea kwa miguu lenye ngazi, kwa goti bovu daraja hilo ni kama halipo. Chagueni mzunguko usiovuka chochote, hata ukiwa mfupi na wa kuchosha macho. Kuzunguka mtaa ule ule mara tatu ni afadhali kuliko kuvuka barabara kuu ya Northern Bypass mara moja. Kampala ilijaribu njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, ile ya Namirembe Road na Luwum Street, chini ya sera ya taifa ya 2012 ya usafiri usiotumia injini, na ni kazi nzuri. Ila ni kipande kifupi, na kiko mjini, si Kisaasi.

Muda wa kutoka ni mapema, jua halijapanda, au jioni baada ya saa kumi na moja. Viatu viwe vya kufunga nyuma. Malapa yamevunja nyonga nyingi za wazee. Mkongojo hushikwa upande wa goti lisilouma, ingawa wengi hufanya kinyume. Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linawataka watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi. Hilo msimwambie mzee. Anzeni na dakika kumi, mkae, mrudi. Na kwa kuwa magoti yanakaza, mpelekeni kwanza kwa daktari apimwe na shinikizo la damu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au goti linalovimba si mambo ya kutembezea.

Nije kwenye swali lako la pili, maana hapo sitaki uondoke ukidhani unaomba sadaka.

Katiba ya Uganda ya 1995, katika malengo yake ya kitaifa, lengo la VII, inaitaka serikali iweke utaratibu wa kufaa wa kuwatunza wazee. Ibara ya 32 inataka hatua za upendeleo kwa makundi yaliyoachwa nyuma, na umri umetajwa humo kwa jina. Ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwaka 2013 ikaja sheria ya Baraza la Kitaifa la Wazee. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, na rasimu ya mpango wa eneo lazima iwekwe hadharani, watu waione na kutoa pingamizi. Nchi yetu pia imekubali malengo ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, na shabaha ya 11.7 inasema kwamba ifikapo 2030 kila mtu apate maeneo ya kijani na ya umma yaliyo salama, na wazee wametajwa humo pamoja na wanawake, watoto na watu wenye ulemavu.

Sheria tunazo za kutosha, basi. Kilichopungua ni mtu wa kuzipeleka kwenye kiti kinachohusika, na hapa Uganda ina jambo ambalo majirani wengi hawana: wazee wana wawakilishi wao wenyewe. Katika mabaraza ya serikali za mitaa kuna nafasi ya wazee wawili, mwanamume na mwanamke, na tangu 2021 Bunge lina wabunge watano wanaowakilisha wazee. Familia nyingi hazijui hata majina ya hao wa karibu. Nendeni kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la mtaa, muulizeni nani anawawakilisha wazee kwenu, kisha mkamwone mtu huyo nyumbani kwake. Mpelekeni baba awepo. Maneno ya mzee wa miaka 76 anayesema "sina pa kukaa" yana uzito kuliko yako na yangu.

Mkifika, ombeni kidogo. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba anayedai bustani anaambiwa ardhi hakuna, na kikao kinaisha. Anayedai mifuniko mitano ya zege kwenye mtaro unaojulikana, kati ya duka fulani na msikiti fulani, na mabenchi mawili chini ya mti uliopo, anaacha ofisi ikiwa haina kisingizio kizuri. Pelekeni picha. Pelekeni saini za wazee wengine wa mtaa, hata alama za dole gumba. Na pelekeni mapema: mwaka wa fedha huanza Julai, lakini mambo yanayoingia kwenye bajeti hujadiliwa miezi mingi kabla. Ukienda Mei umechelewa. Ukienda Septemba unasikilizwa. Wakati huo huo angalieni kipande chochote cha wazi kilichobaki mtaani. Mkiona mabati ya uzio yanaanza kusimama usiku, ulizeni kibali siku ile ile, msingoje msingi umwagwe. Ardhi ya wazi ikishajengwa Kampala, sijaona inarudi.

Kuna jambo moja zaidi, na labda hutalipenda. Muulize mzee kama anataka kurudi Arua kwa miezi fulani ya mwaka. Ikiwa kuna ndugu wa kukaa naye na kliniki ya kumpima, huko ana njia anazozijua gizani na watu wanaomwita kwa cheo chake. Kumrudisha kwa msimu hakumaanishi mmeshindwa kumtunza. Na akisema anabaki, mtajua ameamua mwenyewe, na hapo hata mzunguko mfupi wa Kisaasi atautembea kwa moyo.

Mabenchi yakikubaliwa, au mkiamua kuchanga mtengeneze wenyewe, mwambieni fundi wa kuchomelea hivi: kimo cha kukalia kiwe kama sentimita 45 kutoka chini, kiwe na mgongo, na kiwe na mikono ya kushikia pande zote mbili, kwa sababu mzee hujisukuma kwa mikono anapoinuka. Lisielekezwe ukutani wala kwenye mandhari. Lielekee njia, aone wanaopita. Angalieni juu kabla ya kuchagua mti: kalooli, wale korongo wakubwa wa jalalani, wakishafanya kiota humo, hakuna kanzu itakayobaki nyeupe. Na miguu ya benchi ichimbieni chini kwa zege, maana vyuma chakavu vina soko.